Paka mwenye namba

Sisi huku Leicester tu wazima, ila baridi ndiyo hiyo, na giza linaingia saa kumi jioni kana kwamba jua nalo linawahi daladala. Leo sina habari za siasa wala za mpira. Nataka kuwaambia habari za paka. Najua wengine mtasema, huyu naye, miaka yote ya kubeba maboksi Uingereza, mwisho wake anatuletea habari za paka! Subirini kidogo. Paka huyu amenifundisha jambo ambalo naona aibu kulisema, lakini nitalisema, maana linawahusu na ninyi.

Ilikuwa Novemba 2024, usiku wa mvua. Tunasikia mlango wa nyuma unakwaruzwa. Kufungua, paka. Wa kijivu, amelowa, mbavu zinahesabika. Mke wangu akasema paka akija mwenyewe hafukuzwi, akampa kipande cha samaki. Kosa lile! Kesho yake karudi, keshokutwa karudi, siku ya nne hakuondoka tena. Watoto wakampa jina, Mzee Mvi. Akachagua kiti changu, kile kilicho karibu na hita, na mimi nikitoka kazini usiku nakaa kwenye kigoda kama mgeni.

Mnanijua mimi na paka. Pale kwa shangazi Ngamiani, Barabara ya Nane, paka walikuwa sita au saba, hakuna aliyejua hesabu yao, wala hakuna aliyekuwa na jina. Walikuja wakisikia mafuta yanalia kikaangoni, wakapewa vichwa vya samaki, wakaondoka. Paka alikuwa wa mtaa. Huku paka ni mtu wa nyumba. Ana daktari wake, ana chakula cha makopo chenye picha ya paka mwenzake, wengine wana bima. Kaka aliponisikia nasema paka ana bima ya matibabu alicheka mpaka akakata simu, halafu akapiga tena kuniuliza kama bima hiyo inapokea na binadamu.

Basi, mwenzangu mmoja kazini akaniambia, huyo paka si wako, mpeleke kwa daktari wa wanyama wakamsome. Wamsome nini? Wamsome chipu.

Hapa nieleze kidogo. Hapa England tangu tarehe 10 Juni 2024 ni lazima kila paka anayefugwa awekewe chipu kabla hajafikisha wiki 20. Mbwa walitangulia, wao tangu tarehe 6 Aprili 2016. Ukikutwa na paka asiye na chipu unapewa siku 21 kumwekea, ukikaidi faini yake inaweza kufika pauni 500. Sheria ilipokuja tuliicheka sana sisi Waswahili wa huku. Mmoja wetu alisema, jamani, paka anapewa namba na serikali, na kuna watu hapa wana miaka kumi bado wanahangaikia makaratasi! Tukacheka, lakini kile cheko cha upande mmoja, mnakijua.

Nikamtia Mzee Mvi katika boksi la kadibodi, nikalitoboa matundu, nikapanda naye basi. Njia nzima analia, abiria wote wananitazama mimi kama ndiye niliyemwiba. Kufika, muuguzi akachukua kifaa kinachofanana na kile cha kusomea bei dukani, akampitishia mabegani, kikalia tii! Zikatokea tarakimu 15. Kumbe Mzee Mvi ana namba yake zamani, na mimi nimemlisha wiki mbili kama yatima.

Nilifurahi nikasema sasa tutajua kwake ni wapi, leo leo atalala kwao. Nilidhani ile chipu ni kama zile ramani za kwenye simu, unaangalia tu nukta inatembea. Muuguzi akanicheka kwa upole, akanieleza. Chipu ni kitu kidogo kama punje ya mchele, kinachomwa kwa sindano chini ya ngozi, katikati ya mabega. Haina betri. Haizungumzi na setilaiti yoyote. Imelala tu pale mpaka kifaa cha kusomea kiipitie karibu, ndipo inapata nguvu kutoka kwenye kifaa chenyewe, inataja namba yake, inalala tena. Jina la mwenye paka halimo ndani, wala mtaa, wala simu. Hayo yote yameandikwa kwenye daftari la kompyuta mahali pengine, na anayepaswa kuyaweka sawa ni mwenye paka mwenyewe. Akihama bila kubadilisha, chipu itataja namba ile ile kwa uaminifu wote, na namba itakupeleka kwenye nyumba isiyo na mtu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Muuguzi akapiga simu iliyo kwenye daftari, haipatikani. Akaniambia wataandika barua kwenye anwani ile. Siku chache baadaye wakanijulisha kwamba aliyekuwa akiishi pale alikwisha kuhama. Jina hawakuweza kunitajia, ni siri ya mtu, na hilo siwalaumu. Nikarudi na boksi langu kwenye basi. Paka ana namba, ana sheria, ana daftari la kompyuta, na kwao hapajulikani.

Ikabidi turudi kwenye njia za kizamani. Binti yangu akamchora Mzee Mvi, tukatoa nakala ishirini, tukazibandika kwenye milingoti ya taa na kwenye madirisha ya maduka. Duka moja lina mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kampala. Mtu asidhani ni ajabu kumkuta Mhindi wa Leicester anazungumza Kiswahili. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda, wengi walikuja mji huu huu, ingawa halmashauri ya mji ilikuwa imelipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus la kuwaambia wasije. Walikuja hivyo hivyo, na leo mji usingekuwa mji bila wao. Mzee akaitazama picha ya paka, akaniambia kwa Kiswahili chake cha zamani, "Bandika hapo mlangoni, kijana, kila mtu aone." Halafu akanisimulia kwamba walipofika Uingereza walitawanywa kwenye makambi, yeye huku na dada yake kule, na hakuna aliyejua mwenzake yuko wapi. Kilichowakutanisha ni karatasi. Mtu aliyekuwa akihama kutoka kambi moja kwenda nyingine alikuwa na majina ameyaandika nyuma ya bahasha. "Karatasi ndiyo ilinipa dada yangu," akasema, akageuka kumpimia mteja dengu.

Siku ya tano mlango ukagongwa. Bibi mmoja wa Kizungu, mfupi, amevaa koti la mvua, mkononi kashika kibakuli cha bluu kimepasuka ukingoni. Hakusema habari za jioni. Aliuliza tu, "Bado mnaye?" Mzee Mvi aliposikia sauti ile alishuka kwenye kiti changu, yule paka mvivu ambaye alikuwa hashuki hata kwa kuku, akaenda kujisugua miguuni kwake. Bibi akakaa chini palepale ukumbini na koti lake linachuruzika maji, akalia.

Tukampa chai. Huku Leicester watu wa zamani humwita mtu "bata wangu", ndiyo mapenzi yao, naye akawa ananiita bata wangu kila akimeza tonge la maandazi. Akatueleza kwamba mumewe alifariki, nyumba ikawa kubwa mno, akahamia kwenye chumba kidogo upande mwingine wa mji. Katika pilikapilika hizo akabadilisha na simu. Wiki ya pili paka akatoroka, pengine alikuwa anatafuta nyumba yao ya zamani. Kila usiku, karibu wiki nne, bibi alikuwa anatoka nje na kile kibakuli anakigonga kwa kijiko. Akasema hakuwa na wasiwasi sana mwanzoni, kwa sababu alijua paka ana chipu, lazima atapigiwa. Alikuwa amekaa na simu yake mpya mfukoni anangoja ilie, na huku sisi tunapiga ile ya zamani.

Alipoondoka, watoto walilia, mke wangu akanawa vikombe. Mimi nilikaa kwenye kiti changu nilichorudishiwa, na sikuweza kula.

Sasa ndiyo nafika kwenye lile la aibu.

Shangazi yangu mlimjua nyote. Ndiye aliyenilea baada ya mama. Alifariki mwaka 2021, na wengi wenu mlikuwepo mazikoni. Mimi sikupiga simu siku ya kwanza, wala ya tatu, wala siku ya hitima. Nilipiga siku ya nane. Najua yaliyosemwa. Nilisikia kwamba nimeringa, kwamba nimejitia Mzungu, kwamba nilikwepa mchango. Sikujibu wakati ule kwa sababu nilikuwa na uchungu, na pia, niseme ukweli, kwa sababu nilijua kosa ni langu ingawa silo lile mlilolisema.

Ilikuwa hivi. Tangu nilipokuja mwaka 2004 nilikuwa na laini yangu ya nyumbani, ndiyo namba mnayoijua wote. Programu ya kutumiana ujumbe niliifungua kwa namba hiyo hiyo. Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kufungwa, na yangu ikafungwa, maana vidole vyangu viko huku. Sikujali, kwa sababu ujumbe uliendelea kuingia kama kawaida. Nikasema, si inafanya kazi? Mwaka 2021 simu ikaniponyoka ikaingia kwenye ndoo ya maji ya kudekia. Simu mpya ikataka nithibitishe namba kwa ujumbe mfupi, na ujumbe unakwenda kwenye laini iliyokufa mwaka mzima nyuma. Basi, kwisha. Majina yote yalikuwa mle ndani, sikuwa nimeyaandika popote. Nikafungua namba ya hapa Uingereza, nikampa kaka, nikamwambia awagawie wengine. Mimi mwenyewe nikasema nitawatafuta mmoja mmoja nikipata nafasi. Nafasi! Mtu wa zamu za usiku anangoja nafasi!

Shangazi alipozidiwa, kaka ndiye peke yake mwenye namba yangu, na wiki ile kaka naye alikuwa amelazwa, simu yake imezima chaji iko kwenye mfuko wa suruali nyumbani. Binamu mmoja alinitafuta hata Facebook. Akaunti ile nilikuwa nimesahau neno la siri, ujumbe wake niliusoma miezi saba baadaye. Uliandikwa, "Shangazi anakuulizia."

Nilipokuja Tanga mwaka 2022 niliingia chumbani kwake. Nyuma ya mlango, ukutani, mnakumbuka alikuwa na desturi ya kuandika namba za simu kwa penseli, maana kitochi chake hakuwa akijua kuhifadhi majina. Namba yangu ilikuwa ya kwanza juu kabisa, mwandiko wake mkubwa. Ile ya zamani. Mtoto wa jirani aliniambia kwamba alitumwa kuipiga mara nyingi, na kila akipiga anamwambia, "Bibi, haipatikani," naye anamwambia, "Piga tena, huenda ulikosea."

Hilo ndilo nililolikumbuka yule bibi aliposema alikuwa anangoja simu ilie. Kwa hiyo msinione mjinga kukosa usingizi kwa ajili ya paka wa watu.

Sasa maoni yangu ni haya, mnaweza kuyakataa. Sisi Waswahili tukikutana baada ya muda tunaambiana "umepotea sana wewe!", tunacheka, yamekwisha. Mimi sicheki tena. Mtu akikwambia umepotea, muulize, ulinitafuta kwa namba gani? Kuna watu wamepotea kweli, wako kwenye simu zao kutwa kucha, wanaona picha za harusi za watu wasiowajua, na mtu aliyewalea hana njia ya kuwapata.

Tunadhani teknolojia inatutafutia watu. Haitafuti mtu. Zamani, mwaka ule 2004, nilikuwa nanunua kadi ya kupigia simu, nakwangua kwa sarafu, nabonyeza namba ndefu kama msafara wa siafu, na dakika zikiisha zimeisha katikati ya neno. Lakini namba za watu kumi nilikuwa nazijua kwa kichwa, na mpaka leo naikumbuka ya duka la jirani pale Barabara ya Nane ambako tuliitiwa simu. Leo nawaona kwa video bila senti tano, na namba ya mke wangu mwenyewe siijui. Sisemi turudi kwenye kadi. Nasema tuliacha kazi iliyokuwa yetu tukadhani mashine imeichukua, na mashine haikuichukua.

Wako watakaosema, na kaka ni mmoja wao, kwamba kosa ni la maisha ya huku, kwamba Ulaya inamsahaulisha mtu kwao. Si kweli kabisa. Sikuwasahau hata siku moja. Nilizembea, na uzembe wa mtu aliye mbali ni mzito kuliko wa aliye karibu. Wewe wa Chumbageni ukipoteza simu, mtu atatembea mpaka mlangoni kwako. Kwangu hakuna wa kutembea. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na namba ya zamani haimwiti mtu.

Na ninyi wa nyumbani sitawaacha. Laini tatu tatu za nini? Leo hii kwa sababu ya bando, kesho ile kwa sababu ya ofa, keshokutwa mtu anapiga kwa namba mpya, "Hunijui? Mimi hapa!" Nitakujuaje? Tena siku hizi matapeli ni wengi, namba ngeni inaomba hela ya hospitali, mtu anaogopa kuipokea. Siku moja itakuwa hospitali ya kweli.

Baada ya yule bibi kuondoka nilifanya mambo matatu, nayataja ili anayetaka aige. La kwanza, nilikwenda ofisini kazini nikaomba kuona fomu yangu, ile ya mtu wa kupigiwa ukipata ajali. Nilikuta jina la rafiki aliyehamia Kanada zamani! Ningeanguka ghalani wangempigia mtu wa ng'ambo ya pili ya bahari. Nimeandika mke wangu, na chini yake namba ya kaka, pamoja na namba za nchi. Wenzangu wa ughaibuni, hasa mnaoishi peke yenu, nendeni mkaangalie fomu zenu. Tumeshachangia misiba ya watu ambao ilichukua siku nyingi kujua ndugu zao ni nani.

La pili, nimenunua daftari la karatasi. Nimeandika namba za watu 23, na linakaa jikoni kwenye droo ya vijiko. Halihitaji chaji wala neno la siri, na halijali likimwagikiwa chai kidogo.

La tatu, namba yangu sasa wanayo watu watano nyumbani, wa nyumba tano mbalimbali, si mtu mmoja. Na kila mwezi Ramadhani unapokaribia nitawapigia wote watano kuuliza, bado mnayo ile ile? Mtanichoka, nichokeni.

Bibi wa paka hutupitia Jumapili moja moja. Amekwisha kubadilisha daftari la chipu, nilimsaidia mimi kwenye kompyuta yake, dakika kumi hazikufika. Dakika kumi tu! Mzee Mvi hajambo, amenenepa, na akija anapanda kiti kile kile.

Nina ombi kwa aliye karibu na Ngamiani. Nyumba ya shangazi nasikia itapakwa rangi kabla ya Idi. Ukuta wa nyuma ya mlango sikatazi upakwe, lakini ile namba ya juu ifuteni kwanza, muandike hii ya sasa kwa penseli. Kaka anayo. Na binamu, na mama mdogo, na wale wengine wawili.

Haya, kwa leo niishie hapa, zamu inaniita. Nisalimieni wote, na asiyenipata aniambie.